Ingrid Bergman: Staa aliyeiacha Hollywood akamfuata mwanaume Italia



Habari za watu kufungasha na kwenda majuu kumfuata mpenzi tumezizoea. Mambo yakienda vizuri tunaona picha za theluji, yakienda kombo tunanong'onezana kwamba sisi tulijua tangu mwanzo. Leo nawaletea ya dada mmoja ambaye tayari alikuwa majuu, tena juu kileleni, staa namba moja wa Hollywood, akaacha kila kitu akaenda kwa mwanaume ambaye mwanzo alimjua kwa kuangalia sinema zake tu. Dunia ikamsema mpaka habari zake zikafika kwenye Seneti ya Marekani. Jina lake Ingrid Bergman. Kama umewahi kuiona Casablanca, ile picha ya mwaka 1942 isiyo na rangi, ni yule dada mwenye macho yaliyojaa machozi anayeambiwa apande ndege, Humphrey Bogart anabaki kwenye ukungu.

Wengi wanaisimulia nusu. Kuna wanaosema mapenzi yalimharibia kazi, na kuna wanaosema alikuwa shujaa. Twendeni taratibu.

Ingrid alizaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 29 Agosti 1915. Mama yake, Mjerumani, alifariki mtoto hajafikisha hata miaka mitatu. Baba yake alikuwa na duka la kupiga picha, mtu wa sanaa sana, binti yake alimpiga picha kila alipopata nafasi. Naye akafariki Ingrid akiwa na miaka 13. Akachukuliwa na shangazi yake, na shangazi naye miezi michache baadaye akafia mikononi mwa huyo huyo mtoto. Ndipo akapelekwa kwa ndugu mwingine wa baba, nyumba yenye watoto watano. Mtoto aliyepitia hayo akawa na aibu ya ajabu, isipokuwa akiwa anaigiza. Mwaka 1933 akapata nafasi katika shule ya jumba la maigizo la kifalme pale Stockholm, ile ile aliyopitia Greta Garbo. Alikaa mwaka mmoja tu, sinema zikamvuta.

Mwaka 1937 akaolewa na Petter Lindström, daktari wa meno aliyemzidi miaka minane. Mwaka 1938 wakapata binti, Pia. Kumbukeni hilo jina, tutalirudia sana.

Mwaka 1939 prodyuza mkubwa wa Hollywood, David Selznick, akamwita Marekani kurudia kwa Kiingereza picha yake ya Kiswidi iitwayo Intermezzo. Selznick alilalamikia jina, akalalamikia nyusi, akalalamikia meno. Ingrid akamwambia kwamba kama hamtaki alivyo basi anarudi kwao. Wakamwacha alivyo, na huo usoni bila makorokoro ndio ukawa biashara yenyewe.

Sasa hapa kuna jambo watu huwa wanaliruka. Katika ndoa ile, wa kwanza kuhama nchi kwa ajili ya mwenzake alikuwa mume. Petter aliacha meno yake Sweden, akaja Marekani, akakaa tena darasani kusomea udaktari kule Rochester, New York, na mwishoni akawa daktari wa upasuaji wa ubongo. Wakati huo huo ndiye aliyekuwa akisimamia mikataba na hela za mkewe, tena kwa mkono mgumu. Mwanaume mchapakazi, makini, lakini nyumba ikawa kama ofisi. Mwaka 1945 Ingrid alipoenda Ulaya kuwatumbuiza wanajeshi wa Marekani, alikutana Paris na mpiga picha wa vita Robert Capa, wakapendana kisirisiri. Capa hakuwa mtu wa ndoa, mambo yakaishia hewani. Yaani nyufa zilikuwepo kabla Mtaliano hajatokea.

Kikazi alikuwa hashikiki. Baada ya Casablanca ikaja Gaslight iliyompa Oscar ya kwanza, kisha Spellbound na Notorious za Alfred Hitchcock. Mwaka 1945 alicheza mtawa, mwaka 1948 akacheza Joan of Arc, yule binti mtakatifu wa Ufaransa aliyechomwa moto. Mashabiki wakaanza kuchanganya madawa, wakadhani huyu ni mtawa kweli. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa mtakatifu wao, lakini bili aliletewa yeye.

Mwenyewe alishachoka. Picha za studio zilikuwa safi mno, nywele hazitimki, mvua ya bomba. Siku moja akaingia jumba la sinema kuangalia Roma, città aperta, picha ya Kitaliano iliyopigwa mwaka 1945 mara tu baada ya Wajerumani kuondoka Roma, barabarani, kwa vipande vya filamu vya kuokoteza, watu wanaonekana kama watu. Akatoka akiwa si yule aliyeingia. Baadaye akaona na ya pili ya muongozaji yule yule, Paisà. Ukumbi mtupu, hakuna anayemjua mtu huyu! Basi akaamua kumwandikia barua mwaka 1948. Kwa kifupi alimwambia kwamba kama anahitaji mwigizaji wa Kiswidi anayejua vizuri Kiingereza, hajasahau Kijerumani, Kifaransa chake ni cha kubabaisha, na kwa Kitaliano anajua maneno ya kusema nakupenda tu, basi yuko tayari kuja.

Ebwana, barua ya kuomba kazi hiyo! Mpaka leo wanabishana kama ilikuwa ya kazi au ya mapenzi. Mimi naona yeye mwenyewe hakujua. Aliipenda kazi ya yule bwana kwanza, bwana mwenyewe akaja juu yake.

Bwana mwenyewe ni Roberto Rossellini, mzaliwa wa Roma wa mwaka 1906, mwenye ndoa iliyokwishavunjika na mpenzi wake Anna Magnani, mwigizaji mkali kuliko wote Italia wakati huo. Januari 1949 Roberto akaja Marekani kutafuta hela za picha, na unajua alifikia wapi? Kwa kina Lindström, Beverly Hills. Alikula chakula cha Petter na kulala kwenye nyumba ya Petter.

Machi 1949 Ingrid akapanda ndege kwenda Roma. Pia alikuwa na miaka 10. Aliambiwa mama anakwenda kupiga picha moja, atarudi.

Roma walimpokea kwa umati na maua, Roberto akamzungusha kusini kwa gari lake la kasi. Wakiwa Amalfi, Ingrid akamwandikia mumewe barua ya pili iliyobadilisha maisha yake, kumweleza kwamba amepata mahali anapotaka kuishi na mtu anayetaka kuishi naye. Petter hakukubali kuachwa kwa karatasi. Akafunga safari mpaka Messina, Sicily, wakakutana hotelini kuzungumza. Ingrid alikuja kusimulia kwamba usiku ule Roberto alikuwa nje na gari, anaizunguka hoteli, anazunguka tena, akihofia mwanamke ataibwa kurudishwa Marekani. Mazungumzo hayakuzaa kitu.

Na kazi je? Picha yenyewe ilipigwa Stromboli, kisiwa kidogo chenye volkano hai, hakuna umeme, hakuna simu. Staa aliyezoea kiti chenye jina lake alijikuta anapanda mlima wa majivu yenye moto. Roberto hakuwa anaandika maneno ya waigizaji mapema, alikuwa nayo kichwani au kwenye vikaratasi. Wenzake Ingrid kwenye picha walikuwa wavuvi wa pale pale, ambao hawakujua lini waanze kusema, kwa hiyo Roberto aliwafunga kamba vidoleni mwa miguu, zamu ya mtu ikifika anaivuta! Siku moja Ingrid alilipuka kwa hasira kwamba hawezi kufanya kazi namna hii. Ndiyo ule uhalisia aliokuwa akiuota kule Hollywood, umekuja mzima mzima na majivu yake.

Anna Magnani naye hakukaa kimya. Nafasi ile kwa mipango ya mwanzo ilikuwa yake, sasa mpenzi kachukuliwa na kazi kachukuliwa. Akaenda kisiwa cha jirani kupiga picha yake ya volkano wakati ule ule. Magazeti ya Italia yalifaidi.

Desemba 1949 mwandishi wa umbea wa Hollywood, Louella Parsons, akalipua bomu kwamba Ingrid ni mjamzito. Wakati huo bado ni mke wa Petter kisheria. Tarehe 2 Februari 1950 mtoto wa kiume, Robertino, akazaliwa Roma, wapiga picha wameizingira kliniki kama wanasubiri mfalme. Talaka ikapatikana Mexico, na Mei mwaka huo huo ndoa ikafungwa huko huko Mexico, bwana harusi na bibi harusi wako Italia, watu wengine wamewasimamia. Tarehe 14 Machi 1950, Seneta Edwin Johnson wa Colorado alisimama kwenye Seneti akamshambulia Ingrid kama mtu anayeeneza uovu, akapendekeza sheria ya kuwapa waigizaji na picha leseni kwa kuangalia tabia. Vita vya Korea vilikuwa vinabisha hodi, seneta yuko bize na mimba ya mtu.

Barua za matusi zikamiminika Roma kwa mafurushi. Wanaume wa Hollywood waliokuwa na watoto nje ya ndoa wala hawakuguswa, hilo mnalijua wenyewe.

Lakini matusi ya wageni mtu unaweza kuyazoea. Ya Pia yalikuwa mengine. Baada ya Ingrid kuondoka hawakuonana mpaka mwaka 1951, kwa muda mfupi tu kule Uingereza. Mwaka 1952 Ingrid akaomba mahakama ya California imruhusu mtoto aje Italia wakati wa likizo. Pia, miaka 13, akasimama mbele ya jaji akasema kwamba mama yake hampendi kwa maana ya kumpenda mtu, ni kwamba hamchukii tu, ameonana naye kidogo mno, na anataka kubaki na baba. Ombi likakataliwa, na magazeti ya dunia nzima yakayachapa maneno ya mtoto. Ingrid wakati huo alikuwa na mimba ya mapacha, Isabella na Isotta, waliozaliwa Juni 1952.

Mimi simlaumu kwa kwenda. Ndoa ilishapoa na kazi ilishamchosha. Ninachoshindwa kukimeza ni yule mtoto wa miaka 10 kuambiwa mama anarudi, halafu habari nyingine zote akazisikia redioni na shuleni. Mtu mzima mwenzako unaweza kumwandikia barua kutoka Amalfi. Mtoto hajui Amalfi iko wapi. Najua wapo watakaonibishia, wabishe tu.

Haya, turudi kwenye sanaa, maana ndiyo aliyoiendea. Kati ya 1950 na 1954 walipiga pamoja picha ndefu tano na kipande kimoja kifupi. Zote zikadoda. Stromboli ilikatwakatwa na studio ya RKO kabla ya kuonyeshwa Marekani, kukawa na miji iliyoipiga marufuku. Europa '51 yenye mama anayefiwa na mtoto na kuamua kuishi kwa ajili ya maskini mpaka anafungiwa kama mwehu, watu hawakuitaka. Viaggio in Italia ya mwaka 1954, mume na mke wa Kiingereza ambao ndoa yao inawafia mikononi wakiwa Napoli, ndiyo kabisa. George Sanders aliyecheza mume alitoka Hollywood na akili timamu, akakuta maneno yanaletwa siku hiyo hiyo ya kupiga picha, akabaki kumpigia simu daktari wake wa akili kule Marekani. Masikini George!

Ajabu ni kwamba vijana wa Ufaransa waliokuwa wakiandika uhakiki wa sinema, kina Jacques Rivette na François Truffaut, waliona pale kitu kipya, na leo Viaggio in Italia inafundishwa vyuoni kama moja ya picha zilizofungua mlango wa sinema za kisasa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Ingrid alipoteza miaka Italia, mwambie akaitafute hiyo picha kwanza. Ila heshima hiyo ilichelewa, na wenye maduka hawakopeshi kwa heshima ya baadaye. Madeni yalikuwa mpaka shingoni, na Roberto alikuwa mtu wa Ferrari.

Na hapa ndipo penyewe. Waongozaji wengine wa Italia walimtaka Ingrid: Fellini, Visconti, De Sica, wanaume wa maana. Roberto akambania. Hakutaka afanye kazi na yeyote isipokuwa yeye. Fikiria mwenyewe, umevuka bahari, umetukanwa na seneta, umempoteza mtoto, kwa sababu uliamini mtu huyu atakufungulia sanaa nyingine. Kumbe mlango umefungwa na yeye ndiye mwenye ufunguo mfukoni. Mwanzo Ingrid alikubali. Alimwona Roberto mkubwa kuliko yeye. Miaka ikapita, picha zinadoda moja baada ya nyingine, na bwana badala ya kumwachia atafute riziki anazidi kununa.

Aliyefungua alikuwa Jean Renoir, muongozaji mzee wa Kifaransa ambaye Roberto alimheshimu hata akashindwa kukataa. Picha yao, Elena et les hommes, ilipigwa Paris na kutoka mwaka 1956, ya rangi na ya kuchekesha, Ingrid anacheka kama mtu aliyetoka kifungoni. Kisha studio ya Fox ikajitosa kumpa Anastasia, picha ya Kiingereza iliyopigwa Ulaya. Kule Marekani mtangazaji wa televisheni Ed Sullivan aliwaomba watazamaji wamwandikie barua kama wanamtaka huyu mwanamke kwenye kipindi chake au hawamtaki. Kwamba huyu mama apigiwe kura kama diwani!

Desemba 1956 akapanda jukwaani Paris kuigiza tamthilia kwa Kifaransa, kile kile Kifaransa cha kubabaisha cha kwenye barua. Roberto aliidharau tamthilia hiyo. Watu walisimama kumpigia makofi mpaka wakachoka mikono. Baada ya hapo Roberto akaenda India kupiga picha, na mwaka 1957 ikaja habari kwamba huko yuko na mwanamke mwingine, mke wa mtu, naye ana mimba. Mnaona mzunguko huo? Waandishi walimfuata Ingrid Paris wakitegemea machozi, yeye akakana kila kitu na kumtetea mumewe, halafu akamwambia Nehru mwenyewe amruhusu Roberto atoke India na filamu zake. Novemba 1957 wakatengana.

Mwaka huo ndio aliorudi. Januari alienda New York kwa siku chache kupokea tuzo ya wahakiki, baada ya karibu miaka minane, akakuta mashabiki wamemsubiri uwanjani kwenye baridi. Machi akapewa Oscar ya pili kwa Anastasia, rafiki yake Cary Grant akaipokea kwa niaba. Julai, Pia, sasa dada wa miaka 18, akashuka na ndege Paris. Miaka sita hawajaonana. Mapaparazi walijaa uwanjani, hata kukumbatiana hawakuachiwa wakumbatiane wenyewe.

Desemba 1958 akaolewa na prodyuza wa Kiswidi, Lars Schmidt, wakaachana mwaka 1975. Na watoto watatu wa Roberto? Mtaliano alipigana mahakamani ili wakulie Italia, ikafika mahali watoto wakawa na nyumba yao Roma pamoja na walezi, wazazi ndio wanaokuja kwa zamu. Safari hii Ingrid alikuwa anakwenda. Isabella alipopata tatizo la uti wa mgongo akiwa binti mdogo, mama alikaa muda mrefu bila kazi akimuuguza. Wengi wenu mnamjua Isabella kwa matangazo ya vipodozi au kwa Blue Velvet.

Mwaka 1972 Seneta mwingine, Charles Percy wa Illinois, akaingiza kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge maneno ya kumsafisha na kumwomba radhi. Miaka 22 baadaye. Oscar ya tatu ikaja mwaka 1975 kwa Murder on the Orient Express. Katika maisha yake aliigiza kwa lugha tano.

Halafu mwaka 1978 akacheza Autumn Sonata, kwa Kiswidi chake cha kuzaliwa, chini ya Ingmar Bergman (si ndugu, ni majina tu). Alikuwa tayari anaumwa kansa ya matiti. Anacheza mpiga piano maarufu aliyezunguka dunia na sanaa yake, anakuja kumtembelea binti yake baada ya miaka saba, na usiku binti anamwambia yote aliyoyameza tangu utotoni. Ingrid aligombana na muongozaji, akasema hakuna mama anayekaa miaka saba bila kumwona mwanae. Lakini aliicheza, na uso ule ukiuangalia huku unajua habari za Pia, utajua kwa nini aligombana.

Alifariki London tarehe 29 Agosti 1982, siku ile ile aliyotimiza miaka 67. Sehemu kubwa ya majivu yake ilimwagwa baharini kule Sweden. Kazi yake ya mwisho ilikuwa filamu ya televisheni ya kumwigiza Golda Meir, waziri mkuu wa Israel, mkono wake mmoja ukiwa umevimba kwa ugonjwa. Wiki chache baada ya kifo chake filamu hiyo ikampa tuzo ya Emmy. Aliyepanda jukwaani kuipokea ni Pia.